Wimbo wa Tatu Umepungua

...lakini hapo pamepungua kitu, hapo hapo gitaa linaposhuka na mwimbaji anapovuta pumzi, hapo ilitakiwa ije ile tak-tak-tak-tak kavu, ya haraka, na haikuja, fundi amenyoosha shingo safu ya nne, mkoba mapajani, anamkodolea macho mpiga ngoma, baba mzima mwenye kipara, ametulia tuli na vijiti juu ya goti kama aliyekuja kusubiri zamu ya kinyozi, jamani, huyu kasinzia au kasahau, na wimbo wenyewe ndio huu, wa tatu, fundi ameusikia mara mia mbili tangu mwalimu wa hesabu alipoleta ile flashi pamoja na suruali za kupunguza urefu, akasema, "Fundi, albamu hii usiisikilize nusunusu, anza wa kwanza mpaka wa tisa, usiruke," naye akacheka, mimi na muziki wapi na wapi, mwalimu, ila akaichomeka kwenye redio iliyo juu ya kabati la vitambaa, kwa heshima tu, mteja ni mteja, na kufika wimbo wa tatu alikuwa ameshashonea mguu mmoja wa suruali ya mwalimu kwenye mguu wa pili, akabaki anacheka peke yake kama mwehu, akafumua, akaurudisha wimbo mwanzo... "Wifi, humu joto," ananong'ona wifi yake hapo kando, dada wa mumewe, aliyekubali kuja baada ya kubembelezwa wiki nzima, "mmh," anajibu fundi, joto gani, joto atalisikia kesho, leo si mchezo kuwaona watu hawa kwa macho, wanne tu, hatua kumi kutoka alipo, yule wa besi ana soksi zisizofanana, hilo albamu haikumwambia!

Na haya mambo yamemwanza ukubwani, miezi minane tu, sasa hampimi mtu kiuno bila kumuuliza unasikiliza nini siku hizi, muuguzi akamletea albamu ya wanawake wanaopiga tarumbeta, ile ilimlevya siku tatu, muuza nyama, nani angedhani, akamletea mzee mmoja na kinanda chake, polepole, polepole, mpaka fundi akalia juu ya gauni la mtu, kisha zikaja hizi safari za Jumapili za kufuata wapigaji, mara uani kwa mafundi baiskeli, watu wamekaa juu ya matairi, mara chumba cha juu ya duka la vitabu, na kila akitoka hatamani kusema na mtu, anatembea peke yake huku anatabasamu hovyo, mumewe amemuuliza, "Kwani umeokota nini njiani?" sasa amweleze nini... haya, ubeti wa pili, gitaa linapanda, linazunguka, sasa hivi litashuka, ataipiga safari hii, lazima, kule mwanzo alikuwa anavuta muda tu, linashuka, pumzi... na kimya tena! Kimya kitupu! Wameingia ukumbini bila ile tak-tak, wameiacha nyumbani, na ndiyo chumvi ya wimbo, alishamsifia mpigaji wake kwa mwalimu, "Huyo anayepiga tak-tak ana mkono mwepesi, mwambie fundi kasema," mwalimu akakunja uso, "Yupi huyo, fundi?" na siku ya pili akarudi, akasema amesikiliza mpaka masikio yamemuuma, hajamwona, fundi akamwonea huruma, kusoma kote kule na sikio hana...

"Wifi," huyu naye, "wifi, mguu wako." "Umefanyaje?" "Unanitikisia kiti." Anatazama chini, na kweli, miguu yote miwili iko kazini, kisigino, vidole, kisigino, vidole, mwendo ule ule wa kikanyagio cha cherehani, juu ya sakafu ya mbao, kana kwamba mbele yake kuna kitambaa kinachongoja... ngoja... ngoja kwanza. Ni lini amewahi kuusikiliza wimbo huu mikono mitupu? Hajawahi. Hata siku moja. Kola za sare, mapazia, zipu za watu, kila mara yuko juu ya cherehani, na gitaa likishuka ndipo cherehani inapobaki inasikika peke yake, ee Mungu wangu, hakuna mpiga tak-tak, hakuwapo tangu mwanzo, ni sindano, ni yeye, amemsifia mpigaji kwa mwalimu na mpigaji mwenyewe ni yeye! Kicheko kinampanda, anakibana kwa kiganja, maskini mwalimu na masikio yake, lakini nyuma ya kicheko kuna kingine kinapanda, kikubwa zaidi, kinamtisha, maana ile tak-tak ilikaa, haikuchelewa, haikuwahi, iliingia pale pale pumzi inapovutwa na kutoka kabla ya neno, na nani aliifundisha... si yule mwalimu wa kwaya wa shuleni, fundi wakati huo ana miaka tisa, wamepangwa kwa urefu, rula inamgusa begani, "Wewe kaa nyuma, fungua mdomo, sauti usitoe," na akafungua mdomo, sauti hakutoa, miaka arobaini, kwenye harusi za watu, kwenye harusi yake mwenyewe, mdomo wazi kama samaki, hata binti yake hakumwimbia, alimlaza kwenye kapu la mabaki ya vitambaa, akakanyaga cherehani bila uzi mpaka mtoto akalala, na binti huyo leo ni mtu mzima, juzi kwenye simu alisema, "Mama, nikipanga chumba chenye kimya silali," fundi akadhani ni deko tu... basi alikuwa anamwimbia. Miaka yote ile alikuwa anamwimbia!

Machozi, tena mbele ya wifi, na hayamwonei haya, ubeti wa tatu huo, wa mwisho, anajua, baada yake hakuna pengo jingine, na miguu imesimama, imesimama kwa aibu tangu ilipotajwa, unaona, ukiambiwa tulia unatulia, kosa ni lako, umeshazoea, kaa nyuma, kaa kimya, watu wamelipa kiingilio kusikia wenye kujua, wewe ni mshona pindo, gitaa linapanda, na kama ilikuwa bahati tu, cherehani na wimbo vimegongana... mara mia mbili? Bahati gani hiyo isiyokosea hata siku moja? Linazunguka, afadhali aaibike, afadhali wamtoe nje kuliko kufungua mdomo tena bila kitu ndani yake, linashuka, pumzi inavutwa, na kisigino kinatua, tak, na vidole, tak-tak, mbao zinaipokea, inatembea chini ya viti mpaka jukwaani, kavu, ya haraka, haijawahi, haijachelewa, "Wifi! Watu wanageuka!" "Wageuke," anasema, na mpiga ngoma ameinua kipara chake, anatafuta safu ya kwanza, ya pili, ya nne, amemwona, anaviweka vijiti vyake chini taratibu kumwachia pengo, na mwimbaji anamngoja, bado hajaanza kuimba, na fundi anakanyaga.