Figo Katika Vipande Vitano

Jumatatu, baada ya chai ya saa nne, fundi wa kompyuta wa hospitali aligawa faili la kila mgonjwa vipande vitano, akavifunga kwa lugha ya mafumbo ili mwizi akipata kimoja aambulie patupu. Vitatu vikikutana, na mgonjwa akitaja neno lake la siri, faili hurudi zima. Mashine za kuhifadhia hazikuwa zimefika, kwa hiyo aliviweka ndani ya wafanyakazi.

Vipande vya fundi viatu, aliyepasuliwa ili atolewe figo moja mbovu, viliingia kwa mpishi, dobi, mlinzi wa getini, mkuu wa maabara na katibu wa mkurugenzi. Mpishi alikoroga sufuria huku akitamka, "Kuzu, tepe, tisa, lomba," na wauguzi wakapokea sahani zao. Kero yake ilikuwa moja tu: maneno yalimjia wakati wa kuonja chumvi.

Fundi viatu hakupona. Ubavu uleule uliendelea kumuuma, na mkojo ukawa mwekundu. Mkewe alitaka kujua ilitolewa figo ipi, maana bila hilo hakuna daktari ambaye angemgusa tena. Mkurugenzi, ambaye ndiye aliyeshika kisu, aliamuru vipande viwili vifutwe. Mkuu wa maabara na katibu wakapiga chafya, vipande vikawatoka na kupotelea dirishani.

"Faili limepotea, mama. Pole sana," mkurugenzi akamwambia mke.

Fundi wa kompyuta hakuzijua siasa za ofisi. "Mkuu, si bado vitatu?" akauliza, akaenda kuwaita wenye navyo.

Mpishi, dobi na mlinzi wakaketi kwenye benchi. Fundi viatu akaombwa neno lake la siri. Akainamisha kichwa.

"Sema, baba," dobi alimhimiza. "Nimeacha mashuka kwenye maji."

"Soli yangu," akanong'ona.

Mkewe akatazama ukuta. Miaka yote alidhani jina hilo linajulikana na godoro tu.

Wale watatu wakasema kwa pamoja, kwa sauti ya mkurugenzi na kikohozi chake: "Lo, nimetoa nzima. Mbovu imebaki. Haya, shoneni."

Mkurugenzi ndiye aliyeanza kupiga makofi. "Mnaona? Viwili vimepotea na faili halijapungua hata neno!" Fundi wa kompyuta akapewa mkono, akapigwa picha. Dobi akarudi kwenye mashuka yake.

"Na figo ya mume wangu?" mke aliuliza.

"Hiyo ni ya chumba cha upasuaji, mama. Mleteni Alhamisi," alisema mkurugenzi. "Nitakuwa zamu mwenyewe."