Maji ya Nyumba ya Uani

Kiliani aliifunga ile koki mwenyewe, asubuhi ambayo mpangaji wake Rosemary alikuwa amekwenda sokoni. Ilikuwa nyuma ya jiko, chini ya kifuniko cha zege, nayo ilipeleka maji nyumba ya uani peke yake. Akaikaza, akarudisha kifuniko, akakifunika kwa majani ya migomba, kisha akaenda kunywa chai. Mtu mzima, mwenyekiti wa jumuiya kanisani, anaficha koki kama mtoto aliyevunja kikombe!

Na kisa chenyewe? Msimamizi wa malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka alikuwa anatafuta vyumba Mbinga mjini, na alikuwa tayari kulipa zaidi. Rosemary hakuwa na kosa lolote. Kodi alishalipa, uwanja aliufagia bila kuambiwa, na mama yake, Bibi Rosina, mgonjwa wa kitandani, hakumsumbua mtu. Kumwambia mpangaji wa namna hiyo ahame, Kiliani aliona haya. Akaona afadhali akose maji, aondoke mwenyewe. Haya ya ajabu kweli.

"Ofisi ya maji wamekata," alimwambia. "Hata kwangu hayatoki. Nafuatilia."

"Pole baba, utachoka na kuzunguka," Rosemary alijibu, akachukua ndoo, akashika njia ya mtoni.

Wiki nzima alikwenda na kurudi, maana mashuka ya mgonjwa hayangoji. Kiliani alimwona dirishani akipanda kilima, ndoo kichwani, shingo imemkakamaa. Naye akaenda kuoga, bomba amelifungua kidogo tu ili lisisikike. Mkewe alikuwa Litumbandyosi kwa kaka yake, kwa hiyo hakukuwa na wa kumuuliza. Alijionea aibu, ndiyo, lakini aliijua peke yake, akaivumilia.

Kilichomponza ni zamu. Jumuiya yao husali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, na Jumamosi hiyo zamu ikaangukia kwa Rosemary. Mwenyekiti angekosaje? Alijibana kwenye benchi karibu na kitanda cha mgonjwa, chumba kikajaa watu mpaka mlangoni.

Wakafika kwenye maombi ya kila mtu. Mmoja akaombea bei ya kahawa, mwingine akamwombea mwanawe mwenye mtihani. Kisha Rosemary akainamisha kichwa.

"Tumwombee baba yetu mwenye nyumba. Tangu maji yakatwe anahangaika maofisini kwa ajili yetu. Mungu ampe nguvu. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie!" wakaitikia wote, na Kiliani naye akaitikia, maana mdomo umeshazoea. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Otilia, katibu wa jumuiya, mwanamke asiyejua kunong'ona, hakusubiri hata wimbo. "Wiki nzima, na mgonjwa ndani? Mwenyekiti, mita ni ya jina lako, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuhakikisha mpangaji ana maji. Lakini hatutakuacha uhangaike peke yako. Jumatatu tunakwenda ofisini wote. Watatueleza!"

"Wote!" watu wakasema.

Kiliani akawaona akilini mwake wamejipanga dirishani kwa karani, na karani anawauliza ni maji gani yaliyokatwa. Akainuka, akatoka bila kuaga. Wakadhani anakwenda kulia. Nyuma ya jiko akapiga magoti, akatupa majani ya migomba huku na huku, akafungua. Bafuni kwa Rosemary bomba likakohoa, likatema hewa, maji yakamwagika.

Vigelegele! Otilia akaanzisha wimbo wa shukrani. Kiliani alipoingia, magoti na mikono vimejaa tope, walimpigia makofi. Angeweza kunyamaza, nao wangemwita mtu wa Mungu mpaka Krismasi. Lakini Rosemary alikuwa anamtazama huku machozi ya furaha yakimtoka, na machozi hayo yakamshinda.

"Hakuna aliyekata," akasema. "Nilifunga mimi."

Wimbo ukakatika. Rosemary akatazama chini, utadhani yeye ndiye aliyekamatwa. Wengine wakaanza kutafuta viatu vyao kwa macho.

Bibi Rosina, ambaye masikio yake yalikuwa yamezibwa na uzee, akamvuta binti yake kanga. "Anasema nini?"

Rosemary akamwinamia. "Anasema maji yametoka, mama!"

Bibi akanyoosha mkono, akaushika wa Kiliani, na tope lake. "Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Asante hiyo ilimchoma kuliko matusi. Kiliani akapiga magoti kando ya kitanda, akapeleka mdomo sikioni kwake.

"Niliyafunga mimi, mama."

"Eh?"

"Niliyafunga mimi!"

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Sisikii."

Akapaza sauti mpaka wapita njia wakasimama barabarani. "Maji niliyafunga mimi, mama! Mimi Kiliani!"

Safari hii Bibi alisikia. Hakuuachia mkono. Alimtazama usoni bila hasira, kama mtu ambaye kweli hajaelewa.

"Kwa nini?" akauliza.

Kiliani akainama tena sikioni kwake. Nyuma yake watu walikuwa wamesogea kusikiliza, hata nje ya mlango, na jibu hilo nalo ilibidi alitoe kwa kupiga kelele.