Simu Ishirini na Tatu

Jumamosi ile ya Oktoba Généreuse alikuwa na jambo moja tu kichwani. Binti yake Kethia, miaka kumi na tisa, alikuwa barabarani peke yake kwa mara ya kwanza, akiendesha gari kutoka Euless kwenda Houston kuanza kazi ya kuhudumia wazee.

Na ndiyo siku Truphosa, muuguzi Mkenya wanayesali naye, aliyowaita akina mama nyuma ya nyumba yake Carrollton, eti wapumzishe roho.

“Simu zote kwenye kapu,” Truphosa alisema. “Huwezi ku-relax na simu mkononi.”

“Mwanangu yuko njiani, dada.”

“Mama Kethia! Huyo mtu mzima bado unambeba mgongoni?”

“Atamnyonyesha mpaka siku ya harusi,” mwingine akadakia. Wakacheka wote. Généreuse akaona haya, akaitia simu kapuni.

Wakakaa kwenye nyasi, majani makavu yakiwaangukia. “Tazameni mti,” Truphosa akasema kwa sauti ya maombi. “Haung’ang’anii kitu. Vuta pumzi. Achilia.”

Généreuse akavuta, akaachilia. Mabega yakashuka. Tangu kambi ya wakimbizi hakuwahi kukaa hivyo bila kutega sikio. Hilo ndilo linalomchoma mpaka leo, kwamba aliona raha.

Baada ya saa mbili alichukua simu yake. Kethia alikuwa amepiga mara ishirini na tatu. Akampigia.

“Maman, tairi lilipasuka, nikagonga ukuta. Mkono umevunjika. Vidole sivisikii.”

“Tangu lini?”

“Saa moja na nusu imepita.”

“Na hukupiga 911? Mungu wangu, kwa nini?”

“Ulinikataza! Ulisema polisi wasijue jina letu, nikuite wewe kwanza. Always, Maman.”

Kweli alisema. Kule Uvira, Kongo, mwenye sare ndiye uliyemkimbia, na Généreuse alikuja na sheria hiyo mpaka Texas, akamlisha mtoto pamoja na ugali. Truphosa alimpokonya simu amuulize Kethia alipo, huku akipiga 911, namba ya dharura, kwa simu yake mwenyewe. Gari la wagonjwa lilifika kwa dakika kumi. Dakika kumi!

Généreuse akalipiga kapu teke. “Mti wako una mtoto barabarani? Sema! Una mtoto?”

Hospitalini Houston daktari hakuzunguka. Mfupa ulibana mshipa, damu haikupita. Wangemleta mapema, mkono ungepona wote. Sasa vidole viwili huenda visikunjike tena, na kazi ile ya kuinua wazee asahau.

Jioni Truphosa akatuma ujumbe: “Pole sana dada. Usijilaumu. Achilia hasira.”

Généreuse akajibu: “Siachilii. Wewe ulinicheka, mimi nilimdanganya mtoto. Tusisahau, wote wawili.”

Jumapili iliyofuata alisimama mlangoni mwa kanisa, akawazuia watoto wasitoke mpaka waseme wataita nani wakipata ajali. Josué wa miaka kumi alicheka. “We know, tantine. It’s 911.”

“Usinichekee! Gari limegonga, damu inatoka. Unaita nani?”

“Mama.”

“Ona! Ona sasa!” Akawageukia wazazi, macho mekundu. “Nyie ndio mliomfundisha. Kama mimi.” Akamshika mtoto mabega. “Mama yako yuko kazini anapakia maboksi, simu iko kwenye kabati, hasikii. Unaita nani?”

Josué hakucheka tena. “911.”

“Halafu?”

“Halafu Mama.”

“Sema tena. Kwa nguvu, mama yako naye asikie.”