Pale Vitanzi Vilipobana

Yaani shangazi alikuwa anasikia baridi na hapo hapo hafunikiki. Ukimwekea blanketi analia, maana ugonjwa umemlainisha ngozi ya mabega kama ya kichanga. Ukilitoa, meno yanagongana. Baba, ambaye ni kaka yake, anabaki kasimama mlangoni na blanketi mkononi kama mtu aliyekosea nyumba.

Ndiyo nikasema, jamani, mimi nitamfumia shali! Nyepesi, matundu matupu, uzi mwembamba kama unywele.

"Wewe Bi Simu?" Shangazi akacheka mpaka akakohoa. Yeye ndiye fundi, kafuma masweta ya shule tangu sijazaliwa. Mimi hata skafu sijawahi kumaliza. "Utafuma kwa kidole gani, na vyote vimeota mizizi kwenye simu?"

"Subiri uone, shangazi."

Nikachora kwenye simu hiyo hiyo: miraba midogo midogo, mtupu ni kitanzi cha kawaida, wenye duara ni tundu. Akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama.

"Unamfunika mgonjwa au unavua samaki?"

Tukapunguza matundu. Akanifundisha kurusha uzi juu ya sindano ili tundu lizaliwe, halafu kuunganisha vitanzi viwili viwe kimoja, shali isipanuke ovyo. "Legeza mkono, mama. Usiukabe uzi, haujakuibia."

Ikaanza kushuka, we, ungeona! Ukiipulizia inapaa. Nilikuwa naipiga picha kila safu.

Siku ya kliniki, shangazi akiwa bado ndani anavalishwa, daktari akatuita mimi na baba pembeni kwenye korido. Alisema kidogo tu. Dawa hazisaidii tena, mkae naye nyumbani.

Baba akanishika mkono. "Asijue. Akijua atakata tamaa, ataacha hata kula. Hata kwa uso usimwambie, mwanangu."

Basi nikajichunga. Nikamsomea vichekesho vya kwenye simu, nikacheka mwenyewe kabla havijaisha. Baba akaanza kupiga mluzi ndani ya nyumba, baba ambaye hajawahi kupiga mluzi! Shangazi hakuuliza kitu. Nikajua hila yetu imepita. Nikafuma mpaka nikamaliza.

Nikaiosha, nikaitandaza kwenye godoro, nikaibana kwa pini ikauke imenyooka. Nusu ya juu ikafunguka kama utando wa buibui. Nusu ya chini ikagoma. Nikivuta, pini zinaruka. Nikalaumu uzi.

Nikampelekea hivyo hivyo. Akaipitisha mikononi polepole, kafumba macho. Katikati, vidole vikasimama.

"Hapa mkono wako ulibana."

"Nilichoka, shangazi."

"Aliyechoka hulegeza. Anayebana ana hofu. Sweta nililofuma mume wangu akiwa mahututi, lilisimama lenyewe bila mtu ndani." Akabonyeza safu moja. "Kuanzia hapa ni baada ya kliniki. Daktari alisemaje?"

Nikamtazama baba. Baba akaanza mluzi, ukamkatikia mdomoni.

"Kaka, acha. Mluzi huujui."

Baba akakaa miguuni kwake, akalia.

Nikamtandazia shali mabegani. Upande mwepesi akauvumilia. Ule uliobana ulipomgusa tu, akauma midomo.

"Fumua. Rudi mpaka pale ulipoanza kubana, ufunge."

"Hiyo nusu nitairudia, shangazi! Safari hii nalegeza, naapa..."

"Mkono huo utalegea lini, mwanangu? Fumua."

Nikafumua. Mimi navuta, yeye anazungusha donge, uzi unatoka umejikunjakunja. Kila safu ikifumuka, ananiangalia, ananiambia endelea. Tulipofika pale, nikafunga vitanzi. Machozi yakanifanya nikosee, akanisubiri.

Kilichobaki kilitosha bega moja.

"Tukuwekee lipi, shangazi?"

Akafikiria kidogo, kama mtu anayechagua kiti.

"La dirishani. Lile jingine lizoee baridi."

Baba akaenda kufunga dirisha.