Kanuni ya Adui Aliyejificha

Kabla presha ya macho haijampofusha, Obeid alikuwa mwalimu wa hisabati Mbalizi. Kila Jumamosi mchana aliongoza mchezo kwenye chumba cha nyuma cha duka la nguo la Eveline, pale Mwanjelwa. Ulikuwa mchezo wa kuigiza: kila mchezaji ana mhusika wake, mwongozaji anasimulia yanayowakuta, na dadu ya pande ishirini inaamua nani anafaulu: kumi kwenda juu ni kupata, chini ya hapo ni kukosa. Kanuni zake alizitunga Obeid mwenyewe.

Macho yalipozima, alirudi kwa mama yake, kijijini Nyololo. Rafiki yake Gerson akachukua uongozi, na kila alipompigia Obeid simu alijibiwa kwamba shamba limembana. Mwishowe Eveline akapanda basi kumfuata. Hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba mhusika wake, mwindaji Kalinga, bado yuko hai, na wao wamechoka kumsogeza huku na huku kama mzigo.

Siku aliyorudi, Gerson aliwaingiza wahusika pangoni, taa zao zikazimika. Humo mlikuwa na adui aliyejificha. Kanuni ilikuwa wazi: asiyeona anarusha dadu mbili na kuhesabiwa ile ndogo.

Obeid akarusha. Eveline akainama kuzisoma. Gerson akasema harakaharaka kwamba Kalinga amemsikia adui kushoto, na mkuki umempata.

"Nimepata ngapi?" Obeid akauliza.

"Imetosha, Mwalimu."

"Nimepata ngapi, Gerson?"

Aliyejibu ni Eveline: tatu na kumi na moja.

Obeid alipapasa meza mpaka akazipata dadu, akazifumbata. "Nyumbani mama ananichambulia samaki," alisema. "Kanisani watu wanamuuliza yeye kama nimelala salama, na mimi nimesimama hapohapo. Huku nilikuja nikose, na nikikosa, iwe nimekosa."

Gerson aliomba radhi. Alisema ameshindwa kuitumia ile kanuni. Aliona kuisoma mbele ya Obeid ni kumtukana. Basi wakarudia tukio kwa ile tatu. Kalinga alikosa, adui akamchoma ubavuni, na ikabidi wenzake wamburute hadi nje. Obeid alicheka mpaka akakohoa.

Wakati wa chai ndipo aliposema kwamba hata hivyo kanuni ina kasoro. Aliitunga akidhani giza ni kitu kitupu. Sasa anajua si hivyo, ingawa masikio yake hayajageuka ya popo. Miezi ya kwanza alijigonga kwenye mlango wa nyumba aliyozaliwa. Alichokipata kilikuja polepole: upepo unakatika wapi, nani kaingia na harufu ya moshi. Akapendekeza kwamba aliyelizoea giza aruhusiwe kumuuliza mwongozaji swali moja kabla ya kushambulia, na ajibiwe ukweli.

"Na adui akitulia tuli?" Gerson akauliza.

"Atatupiga. Wapo wanaojua kutulia."

Wakakubaliana. Jumamosi iliyofuata Kalinga, bado na bandeji, aliuliza ukuta upi wa pango haurudishi mwangwi, maana mwili ulioegemea ukuta humeza sauti. Gerson akamjibu kwamba ni wa nyuma yake. Obeid akamgeuza mwindaji wake, akarusha dadu zote mbili, kisha akamgeukia Eveline amsomee ile ndogo.

"Tisa," Eveline alisema. "Umekosa."

"Kidogo tu," Obeid akasema, akavuta kiti karibu na meza.