Matuta ya Aidani

Renatha alipofika bondeni na kuona nyanya zake, alikaa chini kwenye umande bila kutandika kitu. Gugu la kutambaa alilolikata Jumamosi lilikuwa limerudi. Lilijiviringisha kwenye miti ya kuegemezea nyanya, likapanda hadi juu, likafungua maua meupe kama vikombe vidogo. Chini yake miche ilikuwa imekabwa, majani yamegeuka njano.

Nyanya hizo ndizo zilizoibeba nyumba. Mumewe, Otto, alipunguzwa kazini ghala la ushirika liliposhindwa kushindana na wanunuzi binafsi wa tumbaku, na tangu hapo alishinda nyumbani, mtaani Msamala, bila kazi. Kilichobaki ni bustani hii ya kiangazi, ya kumwagilia kwa ndoo.

Alishajaribu kila njia. Alipalilia, likaota. Alilikata kwa panga, vipande vilivyoanguka vikatoa mizizi. Alinunua dawa kwenye duka jipya la pembejeo mjini. Gugu likanyauka kidogo, kisha likachipua, na kilichokufa moja kwa moja ni tuta zima la kabichi.

Na alijua lilikotoka. Alikuwa amefukua mzizi mmoja mweupe kama tambi, akaufuata kwa vidole chini ya udongo, nao ukampeleka mpakani, kwenye matuta ya Aidani.

Aidani alikuwa mdogo wake. Habari za vito vya Tunduru zilipopamba moto, aliondoka kwenda kuchimba, akaacha vitunguu vikiwa vichanga, akamwambia mkewe, Dorine, asiguse kitu, atarudi kuvivuna mwenyewe. Mvua za misimu miwili zilikuwa zimeshapita. Msafiri mmoja alisema huko shimo liliwafukia watu, lakini majina hakuyajua. Dorine hakuruhusu jembe kuingia kwenye matuta yale, na Renatha hakuwa na moyo wa kumlazimisha.

Asubuhi ile aliinuka, akavuka mpaka, akapiga jembe.

Hakufika mbali kabla Dorine hajatokea na ndoo yake.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nachimba."

"Si tulishaongea?"

"Tumeongea sana. Nenda kaangalie nyanya zangu, halafu urudi tuongee tena."

Dorine hakwenda. Alitua ndoo, akaushika mpini kwa mikono miwili. Wakavutana, watu wazima wawili, miguu ikiteleza kwenye tope.

"Ukiyafumua haya matuta," Dorine alisema, akihema, "utakuwa umemzika."

"Nimembeba mgongoni huyo. Unadhani mimi sitaki arudi? Lakini akirudi leo atakuta magugu tu, Dorine. Vitunguu vilishaoza. Na wanangu hawana cha kula."

Tangu Dorine aolewe, Renatha hakuwahi kumwita kwa jina. Dorine alimtazama kama aliyemwagiwa maji, kisha akauachia mpini. Akaipindua ndoo, akaikalia.

Renatha alichimba. Mizizi ilikwenda chini sana, mpaka shimo likamfika magotini, na kila kipande alikitia kwenye gunia kwa sababu alishajua hata cha urefu wa ukucha kingeota. Jua lilipanda. Mikono ilichubuka. Tuta la kwanza likaisha, akaingia la pili.

"Hapo umeacha," Dorine alisema.

Renatha aligeuka. Dorine alikuwa ameshapiga magoti pembeni ya shimo, anauvuta mzizi kwa vidole, taratibu, usikatike.

Waliendelea hivyo hadi alasiri. Matuta yalipokuwa yamesawazika yote, hakuna tena umbo lolote la kazi ya Aidani pale, Renatha alisimama kuyatazama. Alilia kwa sauti, kilio cha msibani, ambacho hakuna mtu wa ukoo wao aliyethubutu kukilia muda wote ule.

Dorine alimshika mabega mpaka alipotulia.

"Twende wifi," akasema. "Bado mpakani. Tukiacha pale litarudi."

Nyanya hazikupona. Siku iliyofuata waliing'oa miche yote kwa mikono yao, wakaichoma pamoja na mizizi, na kiangazi kile nyumba ya Renatha ilikula ugali kwa majani ya maboga, siku nyingine kwa chumvi.

Mvua zilipoanza, gugu lilichomoza tena hapa na pale, dhaifu, na wao wakawa wanaliwahi kila asubuhi kabla halijapata cha kupandia. Kwenye shamba la Aidani Dorine alipanda mchicha. Alisema hataki tena zao la kumngojesha mtu. Kutoka Tunduru hakukuja habari yoyote, na wawili hao, wakiwa wameinama kila mmoja upande wake wa mpaka, waliacha kuulizana.