Kadi ya Tarehe Tisa Machi

Majina yote humu si ya kweli, na Glenys amesoma kila mstari kabla yako. Mimi ni wakili mstaafu, na katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kutoa siri ya mteja hata kwa paka wangu. Hii naitoa kwa ruhusa. Mtu mmoja tu sitamtaja hata kwa jina la kubuni, yule mwanamume anayepika kwenye televisheni, kwa sababu amri ya mahakama inayomhusu bado ina nguvu na sina hamu ya kulala rumande uzeeni.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mwaka 2009, katika mji wetu mdogo wa Lincolnshire, Uingereza. Ofisi yangu ilikuwa juu ya duka la viatu. Kazi zangu zilikuwa wosia, mauzo ya nyumba, na majirani wanaogombana kuhusu ua wa mpakani. Kwa hiyo Glenys Garside alipopanda ngazi zangu saa nne asubuhi, kofia ya sufu mkononi, nilidhani ni ua. Mumewe, Desmond, naye alidhani hivyo hivyo, maana ndivyo alivyomwambia.

"Si ua, Ros," alisema kabla hajakaa. "Ni mtoto."

Glenys alikuwa na miaka hamsini na mitano. Yeye na Desmond hawakujaliwa watoto, mji mzima ulijua hivyo. Sasa akaniambia kwamba mwaka 1971, akiwa na miaka kumi na saba, wazazi wake walimpeleka kwenye nyumba ya kuficha wasichana waliopata mimba bila ndoa. Akajifungua mtoto wa kiume tarehe tisa Machi. Alimnyonyesha wiki sita, kisha akaja mwanamke mwenye glavu za kijivu akamchukua. Miaka miwili baadaye aliolewa na Desmond, na hakumwambia neno.

Alhamisi, Desmond akiwa shambani kwake na vitunguu vyake, mwandishi wa gazeti moja la Jumapili alibisha mlango. Akatabasamu, akamuuliza anajisikiaje kuwa mama wa fulani. Ndivyo Glenys alivyopata habari za mwanawe, mlangoni, kwa mtu asiyemjua. Mtoto wake ndiye yule ambaye nchi nzima humtazama akikanda unga. Gazeti lingetoa habari hiyo Jumapili ile ile.

"Kesho asubuhi Desmond atakwenda kununua gazeti kama kawaida," alisema. "Atalifungua mezani, na mayai yake mbele. Ros, asilisome hapo. Nifanyie chochote, lakini asilisome hapo."

"Nani mwingine anajua?"

Swali hilo lina maana kubwa katika sheria zetu. Anayetaka mahakama imlindie siri lazima kwanza aonyeshe kwamba bado ni siri. Ikishamwagika, jaji hana kitambaa cha kuifutia.

"Mama alijua, amekufa. Baba amekufa. Na Maureen. Nilimwambia Maureen mwaka themanini na mbili, tukifanya kazi pamoja jikoni shuleni. Aliniapia, Ros, alilia pamoja nami."

"Basi ni Maureen."

"Maureen amehamia Hispania."

"Na huko Hispania hawana simu?"

Niliona jinsi jambo hilo lilivyomuuma, pengine kuliko mwandishi mwenyewe, nikajuta ulimi wangu.

Nikaandika maelezo yake. Ukurasa wa pili, aya ya tisa: zaidi ya hao hakuna mtu anayejua, na mume wangu hajui. Akatia sahihi kwamba yote ni kweli. Saa sita nikawajulisha wanasheria wa gazeti, maana huwezi kuomba mahakama izuie gazeti kisirisiri bila sababu nzito. Nikampata jaji wa zamu, mwanamke, akasema atatusikiliza kwa simu saa tisa kamili. Wakili wa London niliyetaka atusemee alikuwa kwenye harusi Cornwall, glasi mkononi. Ikabidi niseme mwenyewe, mimi ambaye mara ya mwisho kusimama mbele ya jaji ilikuwa kesi ya mbwa.

Saa nane na dakika thelathini na tano gazeti likajibu. Nilikuwa peke yangu chumba cha nyuma, nikingoja mashine itoe karatasi. Barua yao ilikuwa fupi na ya jeuri. Walisema siri ya mteja wangu si siri, imetangazwa kanisani kwake tangu Machi, na ushahidi huu hapa.

Ushahidi ulikuwa picha. Niliutambua ule ubao wa matangazo karibu na mlango wa kanisa letu, ambapo watu hubandika kadi za maombi: mguu wa fulani, mtihani wa fulani, roho ya marehemu. Kanisa huwa wazi mchana kutwa, na yule mwandishi alikuwa amepita humo na kamera yake. Kadi moja ilizungushiwa wino mwekundu. Ilikuwa imepauka, na iliandikwa kwa herufi kubwa tupu:

TAREHE 9 MACHI. MWOMBEENI MKE WANGU, NA MVULANA WALIYEMNYANG'ANYA MWAKA 71. YEYE HAJUI KWAMBA NAJUA. TAFADHALI MSIISOME HII KWA SAUTI.

Haikuwa na jina. Chini yake zilichungulia kona za kadi nyingine za zamani, zimeshikwa na pini ile ile yenye kutu.

Nilitukana. Nilitoa tusi ambalo marehemu mama yangu angenizabia kofi, na halikumlenga Desmond. Mtu anaingia kanisani, anasoma neno kama lile, halafu anatoa kamera!

Nitasema ukweli: nilifikiria kuificha. Dakika ishirini na tano tu zilibaki. Ningeweza kumwambia jaji kwamba kadi haina jina, inaweza kuwa ya yeyote, kisha nimwonyeshe Glenys baadaye, polepole, na chai ya moto. Lakini kwenye meza yangu kulikuwa na aya ya tisa na sahihi yake. Sasa nilijua si kweli, na wakili hampelekei jaji karatasi anayojua si kweli. Na zaidi ya sheria, habari ile ilikuwa ya Glenys. Watu wa gazeti walikuwa wameshaisoma, mimi nimeisoma, na yeye amekaa chumba cha pili anakodolea ukuta.

Nikaenda nikaiweka mbele yake. "Glenys, hii imetoka kwao. Isome taratibu."

Aliisoma. Kisha akaweka kidole juu ya picha, akakisogeza kutoka neno hadi neno kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ni yeye," alisema. "Hivi ndivyo anavyoandika kwenye chupa zake za achari ya vitunguu."

"Una hakika?"

"Ros, nimepanguza vumbi chupa hizo miaka thelathini na sita." Sauti yake ilianza kupanda. "Mimi nina zamu ya maua pale! Kila Jumamosi ya tatu. Naweka chombo cha maua mezani chini ya ubao ule, nanyoosha kitambaa, naondoka. Miaka ishirini!"

"Na hujawahi kusoma kadi?"

Alinitazama kana kwamba nimemshuku wizi. "Ni sala za watu!"

Ndivyo tulivyo huku. Mtu atafia mlangoni kwako kabla hujamuuliza ana nini, na tunaita heshima.

Saa ya ukutani ilinikera, nikatamani kuing'oa.

"Mablethorpe," akasema ghafla.

"Nini?"

"Kila mwaka, Machi, ananipeleka Mablethorpe. Baharini. Upepo unakata masikio, vibanda vyote vimefungwa. Ananinunulia chipsi, tunakaa garini tunatazama maji. Anasema anapenda bahari isiyo na watu. Nikamwona mtu wa ajabu tu." Akafunika mdomo kwa kofia yake ya sufu. "Ni tarehe tisa, Ros. Siku zote ilikuwa tarehe tisa. Hakutaka niwe nyumbani."

Saa tisa kasoro dakika sita. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, magoti yangu haya mabovu. "Glenys, nisikilize. Ulikuja hapa ili Desmond asijue. Anajua. Unataka niache?"

"Futa pale niliposema hajui."

"Na kesi?"

"Endelea."

Tukaifuta ile aya kwa kalamu na kuandika kweli, akatia sahihi pembeni. Nikaituma, na simu ikalia.

Niliiweka kwenye spika. Wakili wa gazeti, Bwana Fenwick, alikuwa na sauti laini ya kumlaza mtoto. "Mheshimiwa, hii si siri tena. Imebandikwa ukutani, mahali ambapo yeyote anaweza kuingia. Mahakama haiwezi kufungia ndani kitu kilichokwisha kutoka."

"Kadi haina jina, Mheshimiwa," nikasema. "Mpita njia hawezi kujua ni nani. Gazeti lilijua kwa sababu mtu aliyekabidhiwa siri ameshaivunja."

"Nani aliandika kadi hiyo, Bi Tarrant?" jaji akauliza.

"Mume wa mteja wangu, Mheshimiwa. Mteja wangu amegundua leo, nusu saa iliyopita, kwa sababu ya barua ya gazeti. Nimerekebisha maelezo yake."

Fenwick akadakia, bila hata kupumzika: "Namshukuru Bi Tarrant kwa ukweli wake. Lakini Mheshimiwa, maombi haya yalisimama juu ya jambo moja, kwamba mume asijue. Mume anajua. Madhara yenyewe ni yapi?"

Alinishika. Nilijua amenishika. Nilipekua karatasi zangu nikitafuta kesi niliyoiwekea alama asubuhi, nisiione. Sekunde zilikwenda, na nikaona kabisa gazeti la kesho, mayai, na Desmond anasoma herufi zake mwenyewe mbele ya nchi nzima.

Glenys akainama juu ya simu. Hakuruhusiwa kusema.

"Samahani, Mheshimiwa. Mstari wa mwisho wa kadi. Naomba usomwe."

"Nani anazungumza?"

"Mimi ndiye mke."

"Mheshimiwa, huu si utaratibu," Fenwick akaanza.

"Si utaratibu, kweli," jaji akasema. "Lakini kadi ni ushahidi wako, Bwana Fenwick. Tusomee mstari wa mwisho."

"Mheshimiwa anayo nakala mbele yake."

"Ninayo. Nataka kuisikia kutoka kwako."

Tulimsikia akikohoa. Ile sauti laini iliposhuka ilikuwa ya mtu wa kawaida, pengine mwenye mke.

"'Tafadhali msiisome hii kwa sauti.'"

Nilisikia kiti kikilia upande wa pili wa simu. Kisha jaji akazungumza, polepole ili tuandike. Alisema mtu anaweza kuwaambia wachache jambo lake bila kuwa amewaambia wote, na aliyeandika kadi ile alieleza wazi kabisa mpaka wake ni wapi. Gazeti lisichapishe habari ya mama, ya mtoto, wala ya kadi, mpaka Jumatano mahakama itakapokaa. Jumatano amri iliendelezwa, na imeendelezwa hadi leo.

Nilikata simu. Nikapiga kikombe kwa kiwiko, nikamwaga chai baridi juu ya wosia wa mtu.

"Hiyo amri," Glenys akasema, "inanikataza kuzungumza na Desmond?"

"Haikukatazi. Hakuna sheria inayokukataza hilo."

"Nitaanzaje, Ros? Miaka thelathini na sita. Nitaingia tu jikoni niseme nini?"

Mimi sijawahi kuolewa. Niliendesha maisha yangu yote nikiwashauri watu, na pale sikuwa na ushauri wowote. Nani alimwambia Desmond? Mama yake Glenys, labda, kabla ya harusi. Sikuuliza wakati ule, na baadaye halikunihusu.

Saa kumi na robo honi ikalia chini. Desmond alikuwa amekuja kumchukua. Glenys alikunja ile picha mara mbili, akaitia mkobani, akavaa kofia. Nilimfuata hadi mlango wa barabarani, nikabaki ndani. Giza lilikuwa linaanza.

Desmond aliteremsha kioo. "Vipi, mpenzi? Ua tumeshinda?"

Glenys alizunguka mbele ya gari, akaingia, akaketi na mkoba mapajani.

"Zima injini, Des," nikamsikia akisema.

Akaizima. Kioo kikapanda.

Mimi nina udaku wa kuzaliwa nao, na dirisha langu la juu lilitazama gari lile moja kwa moja. Nilipanda, nikazima taa, nikachukua koti langu bila kusogelea dirisha. Kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma, kupitia mapipa ya taka ya duka la viatu.